Mshono wa Akiba

Blauzi inayovaliwa na sari ina siri ambayo huioni mpaka uigeuze upande wa ndani. Pale ubavuni, kuanzia kwapani kushuka, fundi hapigi mshono mmoja. Hupiga mitatu, na wakati mwingine minne, yote sambamba, na kitambaa kinachobaki nje ya mishono hiyo hakikati. Mshono ulio karibu zaidi na mwili ndio unaoishika blauzi leo, na mingine ni akiba. Mwenyewe akinenepa, huchukua wembe akafumua mshono wa kwanza, na blauzi ikamkaa tena kama siku aliyoshonewa. Sari yenyewe haina habari na mwili wa mtu, kwa sababu ni kitambaa cha mita tano na ushei kisichokatwa kwa kipimo cha yeyote, na mvaaji huongeza au kupunguza marinda tu. Gagulo la ndani nalo hufungwa kwa kamba, na kamba haina ubishi. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuongeza kilo kumi na mbili katika miaka minane bila nguo yoyote kumshitaki, isipokuwa ile mishono ya ubavuni inayopungua mmoja mmoja.

Jambo hilo nilifundishwa na mama mwenye nyumba wangu mjini Pune, katika jimbo la Maharashtra nchini India, nilikoishi miaka miwili nikisomea lishe. Nimelikumbuka mwezi huu nilipokuwa nikiandaa mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Dodoma, nikakuta karibu kila andiko nililopewa lina sentensi ileile, kwamba unene uliopitiliza ni tatizo la wanawake wa mjini, ilhali wa kijijini wao husumbuliwa na kukonda. Sentensi hiyo niliwahi kuiamini, na kwa kuiamini nilimkosea mtu.

Takwimu za India, ukizitazama juu juu, zinaiunga mkono. Utafiti wa tano wa kitaifa wa afya ya familia, uliofanyika kati ya 2019 na 2021 na kuwahoji wanawake 724,115, ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, wale wenye uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani ambao uwiano wa uzito na urefu wao (kilo ukizigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) umefika 25 au zaidi, walikuwa asilimia 33.2 mijini na asilimia 19.7 vijijini. Waliokonda kupita kiasi walikuwa asilimia 13.2 mijini na 21.2 vijijini. Msomaji akiishia hapo atasema mji umeshiba na kijiji kina njaa, na hatakuwa amedanganya. Lakini safari hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya utafiti huo, wapimaji walibeba pia futi kamba, wakapima mzunguko wa kiuno na wa nyonga, wakagawanya cha kwanza kwa cha pili. Kwa mwanamke, jibu likifika 0.85 au kupita, mafuta yamejikusanya tumboni kiasi cha kuhatarisha moyo na kualika kisukari. Waliofika hapo walikuwa asilimia 59.9 mijini na asilimia 55.2 vijijini. Tofauti ambayo kwenye mzani ilikuwa zaidi ya pointi 13, kwenye futi kamba haikufika tano. Maana yake ni kwamba kijijini mzani unamkamata mwanamke mmoja kati ya watano, na futi inawakamata zaidi ya nusu.

Na hata huo mzani unasogea. Utafiti uliotangulia, wa 2015 hadi 2016, ulikuwa umekuta asilimia 31.3 mijini na 15.0 vijijini, kwa hiyo katika kipindi hicho kifupi mji uliongeza chini ya pointi mbili na kijiji kikaongeza karibu pointi tano.

Sasa nieleze kosa langu. Rafiki yangu wa darasani anatoka kijiji kimoja upande wa mashariki wa wilaya ya Satara, upande wa ukame, ambako milima imezuia mvua na watu wamelima mtama tangu enzi na enzi, ingawa siku hizi panapofika mfereji wa umwagiliaji hupandwa miwa. Nilikwenda naye likizo ya kwanza, nikiwa na mzani wangu mpya na bidii ya mwanafunzi ambaye amefundishwa jambo na anatafuta wa kulijaribia. Wanawake wa nyumba ile wakapanga foleni uani kwa vicheko. Mke wa baba yake mdogo, ambaye kwa Kimarathi humwita Kaku na kwetu angeitwa mama mdogo, alisimama kwenye mzani huku ameshika pindo la sari: kilo 50. Urefu wake ulikuwa sentimita 150. Nilipiga hesabu nikapata 22.2, nikamwambia kwa Kimarathi changu cha kubabaisha kwamba yeye ndiye mwenye afya kuliko wote, wengine waige mfano wake. Alifurahi, akaniongezea siagi ya moto kwenye mkate.

Miezi saba baadaye, kidonda alichochomwa mguuni na kisiki cha muwa kilikataa kupona. Alipopelekwa kupimwa, sukari yake asubuhi kabla ya kula chochote ilikuwa miligramu 212 kwa desilita ya damu, wakati kisukari huhesabiwa kuanzia 126. Niliporudi kijijini sikuchukua mzani. Nilichukua futi ya fundi cherehani, nikamwomba alegeze kamba ya gagulo, na nikaona kitu ambacho ningekiona mapema kama ningetazama badala ya kuhesabu: kamba ile ilikuwa imechora mfereji mweusi kuzunguka kiuno, ngozi imekuwa ngumu kama ya kisigino, na juu ya mfereji huo tumbo lilikuwa limelala. Miguu na mikono yake ilikuwa myembamba, mashavu yamebonyea. Kiuno kilikuwa sentimita 86 na nyonga 94, yaani 0.91. Rafiki yangu akaleta blauzi zake tukazigeuza, na ubavuni hapakuwa na mshono wa akiba hata mmoja. Palibaki alama za matundu ya sindano, mistari mitatu.

Niliporudi Pune nilimwomba mama mwenye nyumba naye nimpime, kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa nikimhesabu mgonjwa. Alikuwa na kilo 68 kwa urefu wa sentimita 152, hivyo alivuka 29. Kiuno chake kilikuwa 96 na nyonga 108. Ukigawanya unapata 0.89, pungufu kidogo ya Kaku. Sisemi kwamba alikuwa mzima, maana naye alikuwa na presha na magoti yalimsumbua. Nasema tu kwamba watu wawili ambao mzani uliwaweka mbali sana walikuwa majirani, na mmoja wao hakujua.

Maelezo ya jambo hili, kwa bahati, yalifanyiwa kazi palepale Pune. Daktari Chittaranjan Yajnik wa mji huo alichapisha mwaka 2004 katika jarida la Lancet picha yake akiwa amesimama na mtafiti mwenzake Mwingereza, John Yudkin. Wote wawili uwiano wao wa uzito na urefu ulikuwa 22.3, sawasawa. Lakini Mwingereza alikuwa na asilimia 9.1 ya mafuta mwilini, na Yajnik asilimia 21.2. Hao ni wanaume, najua, ila mzizi wa jambo unarudi kwa wanawake. Kuanzia 1993 timu ya Yajnik iliwafuatilia wajawazito wa vijiji vya karibu na Pune, na watoto waliozaliwa walikuwa na wastani wa kilo 2.7, ilhali wale wa mji wa Southampton, Uingereza, walikuwa na kilo 3.5. Watoto hao walikuwa wamepungukiwa karibu kila kitu, misuli na viungo vya ndani, isipokuwa mafuta ya chini ya ngozi, ambayo yalikuwa yamehifadhiwa kuliko vyote. Mama aliyeshinda shambani akala kidogo humzaa mtoto ambaye mwili wake umejifunza kutunza mafuta kabla haujajifunza kujenga misuli, na mtoto huyo wa kike akikua, akapata chakula cha kutosha kuliko mama yake, akiba hiyo huenda tumboni. Kwa hiyo kukonda na kunenepa, ambavyo maandiko yangu yanaviweka kimoja kijijini na kingine mjini, vinaweza kuwa historia ya familia moja, au hata ya mwili mmoja.

Kwa sababu kama hizo, wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza mwaka 2004 kwamba kwa watu wa Asia hatua zianze kuchukuliwa kwenye 23 na 27.5, si 25 na 30 peke yake. Madaktari wa India nao walikubaliana mwaka 2009 kwamba uzito uliozidi uhesabiwe kuanzia 23, kiribatumbo kuanzia 25, na kiuno cha mwanamke kisipite sentimita 80. Hata kwa kikomo hicho kikali cha uzito Kaku angepita salama na 22.2 yake, na ndiyo sababu nasema futi itangulie mzani. (Zahanati zetu za Dar es Salaam na Mombasa zinazohudumia akina mama wenye asili ya Kihindi zingefaidika kulikumbuka hili, maana bango la ukutani mara nyingi lina namba 25 tu kwa watu wote.)

Kilichobadilika kijijini ni kazi na chakula. Kwenye ukumbi wa nyumba ile kulikuwa na jiwe la kusagia, la mviringo, la tabaka mbili, lenye mpini wa mti, ambalo Wamarathi huliita jate. Bibi wa rafiki yangu alilizungusha kila alfajiri kwa miaka zaidi ya thelathini huku akiimba tungo fupi fupi za kusagia, kama bibi zetu walivyoimba kwenye kinu. Leo jiwe hilo limeegeshewa ndoo. Nafaka hupelekwa mashineni kwa pikipiki, viungo husagwa kwa mashine ya umeme, maji yako bombani, na mtungi wa gesi umepunguza safari za kuni. Nilimuuliza bibi kama analikumbuka jiwe lake, akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama ninataka kulibeba niende nalo Afrika. Siwezi kumwambia mwanamke yule kwamba alikuwa bora zamani. Mzigo ulioondoka ulikuwa mzigo kweli, na kilichokosekana ni kitu cha kujaza pengo lake.

Chakula kimegeuka kimyakimya zaidi. Mkate wa asili wa huko, bhakri, hutengenezwa kwa unga wa mtama, hukandwa kwa maji ya moto na kupigwapigwa kwa viganja hadi uwe kama sahani, kisha ukachomwa bila mafuta. Sheria ya chakula ya 2013 iliwapa watu wa kipato cha chini, ambao vijijini ni hadi asilimia 75 ya wakazi, kilo tano za nafaka kila mwezi kwa kila mtu kwa bei ya kutupa, na tangu Januari 2023 ni bure. Ni sheria iliyookoa watu na njaa, na sina neno nayo. Ila nafaka inayofika kwenye duka la mgao kwa kawaida ni ngano na mchele mweupe, na mtama ukabaki kuwa kitu cha kununua. Juu yake yakaja mafuta ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia, ya bei nafuu, na pakiti ya biskuti ya rupia tano iliyoning'inia kwenye kila kibanda, ambayo huchovywa kwenye chai yenye maziwa na sukari mara mbili tatu kwa siku. Kaku alikuwa akila wa mwisho, baada ya mume, wanawe na wageni, na wa mwisho hukuta dengu zimekwisha na wali umebaki. Huo ndio uliokuwa mlo wake: wanga mwingi uliosindikizwa na mchuzi.

Nilichojifunza kwa mshangao zaidi ni kuhusu mfungo. Siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo Kaku hufunga kula nafaka, na mimi niliandika kwenye daftari langu, kwa herufi za furaha, kwamba anapumzisha mwili. Kisha nikaiona sahani ya mfungo: chembe nyeupe za wanga wa muhogo zilizokaangwa kwa samli pamoja na karanga zilizotwangwa, viazi na pilipili, na kijiko cha sukari juu. Muhogo si nafaka, kwa hiyo dini haijavunjwa. Sikuweza kumlaumu, kwa sababu nimekulia penye futari.

Kuna tofauti moja ya mji na kijiji ambayo haimo kwenye jedwali lolote nililosoma, nayo ni ruhusa ya kutembea. Mama mwenye nyumba wangu alitoka kila alfajiri kwenda kwenye bustani ya manispaa, amevaa sari na raba nyeupe, akazunguka nusu saa pamoja na kundi la akina mama wenzake, wakiongea habari za wakwe. Mjini hilo ni jambo la heshima, daktari ameagiza. Nilipompendekezea Kaku afanye hivyo, alinitazama kama niliyemwambia aende sokoni bila kichwa. Kijijini mwanamke akikutwa barabarani hana ndoo, hana mzigo wa majani, hana mtoto mgongoni, kila kibaraza kitamuuliza anakwenda wapi, na jibu la "natembea tu" si jibu. Amekuwa akitembea maisha yake yote kwa sababu ya kazi, na kazi ilipopungua hakubakiwa na sababu.

Nisifanye ionekane kana kwamba Asia nzima ni kijiji hicho kimoja. Ndani ya India yenyewe, jimbo linaweza kuamua zaidi kuliko mji na kijiji: wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 40.8 Punjab na 40.4 Tamil Nadu, lakini 15.9 Bihar na 11.9 Jharkhand. Huko Kerala nyumba zimefuatana kando ya barabara kiasi kwamba mgeni hajui mji umeishia wapi. Korea Kusini imekwenda mbali zaidi, ambako wanawake wa mjini, hasa waliosoma, ndio wembamba, na unene umehamia kwa wa vijijini na wa kipato kidogo.

Mwaka 2019 mtandao wa watafiti unaofuatilia magonjwa yasiyoambukiza ulichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa vipimo vya watu zaidi ya milioni 112 vya kuanzia 1985 hadi 2017, ukakuta kwamba zaidi ya nusu ya ongezeko la wastani wa uwiano wa uzito na urefu duniani lilitokana na vijijini. Kundi moja lilikuwa tofauti, nalo ni wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara, ambao kwao mji ulikuwa bado unakimbia mbele. Tanzania utafiti wa 2015 hadi 2016 ulikuta wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo ni asilimia 42 mjini na 21 kijijini. Kwa hiyo sentensi iliyomo kwenye maandiko yangu ya mafunzo kwetu bado ina ukweli, na sikuifuta. Niliongeza chini yake aya kuhusu kiuno, na nikaomba kila mhudumu apewe futi, ombi ambalo lilirudi na swali kama futi haiwezi kushirikiwa na watu kumi.

India ilikwisha kuutambua umuhimu wa kupima kiuno, angalau kwenye karatasi. Mhudumu wa afya wa kijiji huko huitwa ASHA, kifupi cha maneno ya Kiingereza ambacho kwa Kihindi husomeka kama neno tumaini, na kwangu kilisomeka kama jina la shangazi. Hujaza fomu ya kila mtu aliyefika miaka 30, na mojawapo ya maswali ni kiuno: mwanamke wa sentimita 80 au chini hupata sifuri, wa 81 hadi 90 hupata alama moja, aliyepita 90 mbili. Jumla ikipita nne, hupelekwa kupimwa kwanza. Ni hesabu nyepesi inayowezekana kwenye kibaraza. Ugumu wake ni ule nilioupata mimi, kwamba ili kupima kiuno kweli lazima kamba ilegezwe, na kibaraza kina mama mkwe, kina mashemeji, kina wapita njia. Nilimwona mhudumu mmoja akipitisha futi juu ya marinda ya sari, akaandika namba na kuendelea, na sikumwambia kitu, kwa kuwa mimi hata futi sikuwa nimeibeba mara ya kwanza.

Kidonda cha Kaku kilipona, na sasa anameza vidonge. Rafiki yangu huniandikia habari zake. Amerudia bhakri ya mtama jioni, biskuti hajaacha. Na zamani maziwa ya nyati wao wawili yalipelekwa kituo cha kukusanyia na mwanawe wa kiume kwa pikipiki, kilomita moja na nusu kwenda. Sasa anapeleka yeye mwenyewe kwa miguu, asubuhi na jioni, kopo mkononi, na hakuna kibaraza kinachomuuliza lolote. Miezi nyati wakiacha kutoa maziwa, huenda na kopo tupu.